Maji ya Kifua cha Karoli

Jumeirah, Dubai
Ijumaa, 14 Februari 2003

Kaka Josephat,

Barua hii isome peke yako, shambani au popote, mradi Baba asiwe karibu. Ukimaliza ndipo utajua umsomee nini. Najua macho yake hayasomi tena na wewe ndiye miwani yake, basi leo nakuomba uwe miwani yenye adabu.

Charlie si mtoto. Charlie ni mbwa.

Haya, cheka umalize. Mwaka jana nilipoandika kwamba kazi yangu ni kumtunza Charlie wa madam, sikudanganya. Ninyi ndio mliofikiri ni mtoto, na Baba akasimama kwenye jumuiya akatangaza kuwa binti yake analea mtoto wa Kizungu Arabuni. Uliponiandikia hayo nikaona aibu kumsahihisha. Katekista mzima aende kuwaambia watu kuwa Severina anamwogesha mbwa na kumpiga mswaki? Nikanyamaza.

Sasa Charlie anaumwa na sina wa kumwambia. Binamu yetu Irene namwona Ijumaa tu kanisani, naye akisikia habari za mbwa anaangua kicheko. Madam analia chumbani. Sir yuko safarini, kama kawaida yake.

Ilianza na pumzi. Alikuwa akilala ubavu katikati ya sebule, akaacha. Akawa anakaa tu, viwiko ameviweka mbalimbali, shingo mbele, tumbo linapanda na kushuka. Ufizi ukawa kama umepakwa wino. Taib, dereva wetu, Mzanzibari, tangu nije hajawahi kumgusa mbwa, na simlaumu, dini yake ndivyo inavyomtaka. Siku ile mimi nilishindwa kumbeba. Taib akatazama, akasema, "Yalla, khalas, nguo zitafuliwa," akambeba mwenyewe mpaka garini.

Daktari wa wanyama anaitwa Dokta Shakir. Alisema kifua kimejaa maji. Si ndani ya mapafu, kaka, ni nje yake, kati ya mapafu na mbavu, kwa hiyo mapafu yanakosa nafasi ya kutanuka. Akamnyoa kidogo kifuani, akapiga ganzi, akaingiza sindano katikati ya mbavu, akaanza kuvuta. Mimi nilishika kichwa. Nilijua leo nang'atwa vidole. Wapi! Alitulia, akamlamba daktari mkono. Yalitoka maji rangi ya chai ya rangi iliyopoa, bakuli zima. Kabla hatujafika nyumbani alikuwa amelala ubavu kwenye kiti cha gari, anakoroma.

Baba mwambie tu kwamba mtoto alikuwa na maji kifuani, yakatolewa, anaendelea vizuri. Amwombee. Mungu atajua mwenyewe ni nani.

Mdogo wako,
Severina


Kamachumu
9 Machi 2003

Mdogo wangu Seve,

Nimecheka mpaka mke wangu akaja kuuliza nimepatwa na nini.

Baba ameshampa jina. Anasema Charlie ni Charles, na Charles ni Karoli, basi. Jumuiya ilisali hapa nyumbani wiki iliyopita, na kwenye maombi ya wagonjwa Baba akasema kwa sauti yake ile ya madhabahuni: "Tumwombee mtoto Karoli, mgonjwa wa kifua, huko Dubai." Watu wote wakaitikia. Mama Ladislaus akatoa na machozi. Mimi niliinamisha kichwa, wakadhani nasali kuliko wote.

Sasa nijibu haya bila kuniuliza kwa nini. Ile sindano iliuma sana? Maji yamerudi? Daktari anasema yanatoka wapi? Analala vipi, anakula nini? Eleza yote, usifupishe.

Hapa wote wazima. Baba ana kikohozi cha mvua tu.

Kaka yako,
Josephat


Kamachumu
9 Machi 2003

Dada Irene,

Hii usimwonyeshe Severina, hata akikubembeleza.

Baba ni mzima kwenye barua tu. Tangu Januari analala ameketi, mgongo ukutani. Hospitali ya misheni wamempiga picha: maji yamejaa upande wa kulia wa kifua, na kuna uvimbe. Uvimbe wenyewe hawana la kuufanya. Maji wanaweza kuyatoa apate kupumua, na Baba amekataa katakata. Unamkumbuka mzee Laurian? Alitolewa maji na hakumaliza wiki. Tangu hapo huku watu wanasema maji ya kifua yakitoka, mtu anatoka nayo.

Amenikataza kumwandikia Seve. Unajua kwetu mtu aliye mbali haambiwi ugonjwa wa nyumbani, anaambiwa mgonjwa akishapona. Lakini Baba ana yake zaidi. Mama alipougua tulimwita Seve kutoka chuo cha uuguzi, akaja, hakurudi tena chuoni, na Mama akafa vilevile. Baba anasema, "Sitamvunjia safari mara ya pili."

Nimemsomea barua ya Seve, na mbwa nimemgeuza mtoto kama alivyotaka. Baba akauliza, "Alichomwa akiwa macho?" Nikasema ndiyo. "Akatulia?" Akatulia, Baba. Leo asubuhi ameniuliza daktari wa misheni anakuwepo siku gani.

Umeona? Kwangu mimi alikataa, kwa daktari alikataa, kwa padri alikataa. Sasa kuna mtoto Karoli. Huyo huyo ndiye nitakayemtumia.

Josephat


Al Mankhool, Bur Dubai
28 Machi 2003

Kaka Josephat,

Umeniweka pabaya. Ijumaa naketi na Severina benchi moja, ananiuliza nyumbani kuna habari gani, namjibu mvua. Namtazama kilemba nisimtazame macho. Mtu ananimegea mkate wake huku nimemfichia baba yake!

Nisikilize vizuri. Pasipoti yake anayo sir, ndiye kafeel wake, yaani mdhamini wake wa kazi, ameifungia kwenye sefu, na akisafiri hata madam hana ufunguo. Kumtoa mtu hapa kunachukua wiki kadhaa, si kama alipotoka chuoni Mwanza. Usingoje Baba Mdogo azidiwe ndipo unipigie kelele. Ukiona anageuka, niambie mapema, nami nitasema mwenyewe hata mkinichukia. Niahidi hilo.

Ninyi wanaume mnadhani kunyamaza ni kumpunguzia mtu mzigo.

Irene


Jumeirah
4 Aprili 2003

Kaka,

Umeniamuru nisiulize. Lakini mtu aliyekuwa hampiti mbwa bila kuokota jiwe, leo anauliza mbwa analala vipi? Haya, nitasema ni uzee.

Sindano haikumuuma sana, ganzi inatuliza ngozi. Kinachotisha ni kushikwa. Ukimshika taratibu na kumsemesha, inapita. Na maji yamerudi, ndiyo. Dokta Shakir hakunificha: yanatoka kwenye uvimbe ulio karibu na moyo, na maadamu uvimbe upo, yatarudi. Kuyatoa si kumponya, ni kumpa nafasi. Nikamuuliza, nafasi ya nini? Akasema, "Ya kula, ya kulala, ya kukaa nanyi." Basi hiyo ndiyo kazi yangu sasa, kaka.

Simlazi ubavu asipotaka mwenyewe. Nimemwekea mto mnene, anaweka kifua na mikono juu yake akiegemea mbele, hapo ndipo usingizi unampata. Anapoinuliwa asibanwe kifua. Ngazi hapana, jua hapana, na wageni wenye makelele nawatoa, hata wawe rafiki za madam. Chakula nampa kidogo kidogo mara nyingi, kwa sababu tumbo likijaa linasukuma juu na kumnyima hewa. Kuna kidonge cha kumkojoza, kinasaidia kiasi. Akiwa usingizini natazama mbavu na kuhesabu pumzi kwa dakika moja ya saa ya jikoni. Zikizidi za jana, namwita madam. Hatungoji ufizi ugeuke rangi, hapo mtu ameshachelewa.

Mara ya pili aliingia kwa daktari kwa miguu yake. Akanitazama, akatikisa mkia. Anajua pale ndipo anaporudishiwa pumzi.

Nilipoacha chuo nilidhani mikono yangu imesahau kuuguza. Nakuambia wewe tu, nimefurahi kuona haijasahau. Baba akiuliza, mwambie Karoli ni mgonjwa mzuri, hanung'uniki.

Severina


Kamachumu
27 Aprili 2003

Dada Irene,

Amekubali! Alikwenda mwenyewe, amevaa koti la kanisani, na njiani akaniambia, "Mtoto mdogo hawezi kunishinda." Nilimshika kichwa kama Seve alivyofanya. Daktari akasema mtu mzima hahitaji kushikwa kichwa, sikumwachia. Maji yalitoka, rangi ya chai ya rangi, vilevile. Baba akavuta pumzi ndefu, akasema, "Loo! Kumbe hewa ni tamu hivi." Siku hiyo alimaliza sahani ya ndizi akaomba ya pili. Nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko, dada, sikuficha hata kidogo.

Sasa tunafuata barua ya Seve kama maagizo ya daktari. Mto mnene juu ya meza, anaegemea mbele, analala. Ndizi kidogo kidogo. Akisinzia mke wangu anahesabu pumzi kwa punje za rozari, mimi nashika saa. Wageni wa makelele tunawatoa, na Mama Ladislaus amenuna.

Nusura niharibu. Nilikuwa nasoma barua ya pili kwa furaha, nikajikuta nimesema "akatikisa mkia." Nikakohoa, nikasema akatikisa kichwa. Nadhani hakusikia, alikuwa amefumba macho.

Kuhusu kumwambia Seve, acha kwanza. Utamtoa mtu kazini aje kumtazama mzee anayekula sahani mbili? Nimekuahidi, akigeuka nitasema.

Josephat


Jumeirah
23 Mei 2003

Kaka,

Charlie amekufa, Jumanne.

Maji yalikuwa yakirudi kabla tundu la sindano halijafunga. Dokta Shakir alitukalisha akasema, sasa hatumpi nafasi tena, tunamchosha. Madam akanigeukia mimi. "Severina, wewe unaonaje?" Tangu niingie nyumba hii hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikasema, madam, amechoka. Akapigwa sindano nyingine, ya kulala moja kwa moja. Kidevu alikiweka kwenye kiganja changu. Nilihesabu pumzi mpaka nikawa sina cha kuhesabu. Taib ndiye aliyechimba, nyuma ya nyumba, na hakukubali nimsaidie.

Nimelia, kaka, wala sioni aibu. Sijui Baba utamwambiaje. Amemwombea sana.

Sasa kuna hili. Madam anakwenda kwao kiangazi chote. Anasema kazi yangu ilikuwa Charlie, kwa hiyo nikitaka kwenda nyumbani niende sasa, tiketi atatoa yeye, na sir yupo hapa mpaka mwisho wa Juni, pasipoti ataitoa. Nisipokwenda sasa, ni Krismasi. Moyo unataka sasa. Lakini nawaza Krismasi, watoto wote tukiwepo, Baba akiongoza nyimbo. Anapenda hivyo, na likizo ni moja tu.

Niambie kweli. Kama nyumbani kuna lolote, andika neno moja, "njoo," sitauliza. Kama hakuna, nitangoja.

Severina


Kamachumu
12 Juni 2003

Mdogo wangu,

Pole, pole sana. Sikujua mtu anaweza kusikitika hivi kwa mbwa ambaye hajamwona. Mimi nimesikitika.

Baba nimemwambia Karoli amepona na anakimbia bustanini. Utanisamehe, sikuweza kusema lile lingine. Jumuiya wametoa shukrani na Mama Ladislaus ameleta kuku.

Kuhusu safari, nimemuuliza Baba mwenyewe, ameketi hapa karibu yangu. Anasema uje Krismasi. Anasema ataimba.

Hapa hakuna lolote. Samahani karatasi imelowa pale juu, ni mvua.

Kaka yako,
Josephat


Al Mankhool
Ijumaa, 11 Julai 2003

Kaka Josephat,

Nakujibu kwa sababu Severina amesema hawezi kukuandikia sasa. Amesema sasa, hakusema kamwe. Shika hilo.

Uliponipigia simu hotelini ninakofanya kazi, kutoka Bukoba, kwamba Baba Mdogo amefariki, nilikwenda Jumeirah kesho yake. Madam ameshasafiri. Sir naye amekwenda siku tatu kabla, na ufunguo wa sefu kaondoka nao. Taib alimpigia simu mbele yetu, akamwita arbab, bwana mkubwa, akamsihi mpaka sauti ikamkauka. Jibu likawa inshallah akirudi. Wakati huo ninyi mlikuwa mnazika.

Nilimwambia Severina yote, hata ya Januari. Nilidhani atanipiga. Aliuliza jambo moja tu: "Maji yake yalikuwa rangi gani?" Nikasema uliandika rangi ya chai. Akatikisa kichwa kama daktari. Baadaye akasema, "Aliandika mvua. Juni Kamachumu hakuna mvua, Irene. Nilisoma nikapita." Halafu akaingia jikoni, nikasikia bomba linatiririka, likaendelea hivyo. Nilidhani anaosha vyombo, nikamwacha.

Uliniahidi, kaka. Sitasema zaidi.

Bahasha uliyompa Chacha aliyekuwa akisafiri kuja huku, ile mliyoikuta kwenye kitabu cha sala cha marehemu, imefika leo. Juu imeandikwa: Kwa mtoto Karoli, mkononi mwa Severina. Aliishika misa nzima bila kuifungua, anasema si yake. Tulipotoka akasema, "Mwenyewe hayupo," akaifungua. Macho yakamshinda, nikamsomea mimi. Ameniomba nikunakilie, kwa sababu na wewe umo. Ni hii:


Kamachumu
15 Juni 2003

Mwanangu Karoli,

Naandika kwa kukisia mstari, herufi kubwa kama za darasa la kwanza, kwa sababu macho yangu ni ukungu mtupu. Josephat hajui kuwa naandika. Ameniambia umepona na nimemshukuru Mungu.

Kwanza ujue kwamba nakujua wewe ni nani. Josephat alipofika kwenye mkia alikohoa. Na hata kabla ya hapo, mtoto gani ananyolewa kifua? Nimefuga mbwa toka ujana. Nilitaka kumwandikia Severina asione aibu, nikaona akijua kwamba najua, ataacha kueleza habari zako, nami nilikuwa nazihitaji. Jumuiya sikuwaambia. Tuliendelea kukuombea na sijutii. Anayetunzwa na binti yangu ni wa kwangu pia.

Mimi niliiogopa ile sindano, nakuambia wazi. Wewe ulitangulia, nikaona haya kubaki nyuma. Wewe ulimlamba daktari mkono, mimi nilimwambia asante tu. Nimelalia mto kama wako, nimekula kidogo kidogo kama wewe. Kila alichokufanyia Severina nimefanyiwa mimi. Kwa hiyo ameniuguza, ingawa hana habari, na ameniuguza vizuri. Alimwandikia kaka yake kwamba mikono yake haijasahau. Mwambie ni kweli, mimi ndiye shahidi.

Yangu sasa yanarudi upesi. Nimemwambia Josephat amwandikie aje Krismasi. Alibisha, akalia kwenye karatasi, nikamlazimisha. Nilisema nitafika. Sitafika, Karoli. Sikutaka anione nikiomba hewa, alimwona mama yake akiiomba na ilimtosha. Kama ni kosa ni langu. Kaka yake amsamehe.

Sisi watu wazima wa huku hatujui kumwambia, ndiyo sababu nakutuma wewe. Siku akipata habari hatalia mbele za watu. Mama yake alipofariki alifungua bomba la uani tusimsikie, ndoo ikajaa ikamwagika, na sisi tukamwacha. Ukisikia bomba linatiririka muda mrefu, usidhani anaosha vyombo. Inuka, nenda ukalale miguuni pake.

Baba yake,
Anselmi, katekista